Tovuti isiyoonekana ni duka la porini: Tumlipe nani, na kwa kazi ipi?

KWA muda sasa kumezuka gumzo miongoni mwa wafanyabiashara wa mpakani, hasa vijana waliorejea kutoka Tanzania, kuhusu fedha za intaneti. Uwe Gitega au Muyinga, utasikia maneno yaleyale: fungua tovuti, weka matangazo, mlipe mtaalamu aipandishe hadi ukurasa wa kwanza wa Google, kisha dola zitaingia ukiwa umelala.

Maneno hayo si uongo mtupu, lakini si kweli kamili. Yanastahili kuchambuliwa kwa sababu wanaotoa fedha zao si matajiri. Ni watu wanaopunguza mtaji wa magunia machache ili wanunue ahadi.

Mimi ni mwalimu, na ni mmoja wa waliorejea. Nilisoma katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nikarudi nchini mwaka 2008 pamoja na maelfu ya watu ambao familia zao zilikimbia mwaka 1972. Wengi wetu tulirudi na Kiswahili kichwani na cheti mfukoni, lakini bila shamba. Mtu asiye na shamba husikiliza kwa makini anapoambiwa kuna mapato yasiyohitaji ardhi.

Swali la kujiuliza, basi, si kama intaneti ina fedha. Swali ni hili: tovuti yako itakuletea fedha kwa njia gani, na je, kazi unayomlipia msaidizi inahusiana na njia hiyo?

Fedha za matangazo

Kwa mtu wa kawaida kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupangisha nafasi kwenye tovuti kwa matangazo ya watu wengine. Ya pili ni kuitumia tovuti kuleta wateja wa biashara yako mwenyewe. Vijana wetu wengi huikimbilia ya kwanza.

Mpango wa matangazo unaofahamika zaidi ni AdSense, ulioanzishwa na Google mwaka 2003. Mwenye tovuti hupata sehemu ya fedha zinazotolewa na watangazaji, ila hatumiwi chochote mpaka zifike dola 100.

Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme tovuti yako inaingiza dola 1 kila kurasa zake zinapofunguliwa mara 1,000. Ili ufikishe dola 100, lazima zifunguliwe mara 100,000. Ukitaka fedha hizo kila mwezi, unahitaji kufunguliwa zaidi ya mara 3,300 kila siku, Jumapili ikiwemo.

Aidha, bei ya tangazo hutegemea msomaji yuko wapi na ana uwezo gani wa kununua. Msomaji wa Ngara au Kirundo hagombewi na watangazaji kama msomaji wa Marekani. Kwa hiyo hata hiyo dola 1 ya mfano wetu usiihesabu kabla haijaingia.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato. Wanaunda kundi la WhatsApp na kukubaliana kubofyeana matangazo kila asubuhi. Google inakataza jambo hilo, na ikiligundua huifunga akaunti. Jasho la miezi linapotea kwa sababu ya marafiki waliodhani wanasaidia.

Kuna mabadiliko mengine ambayo wauza ahadi hawayasemi. Mwezi Mei 2024, Google ilianza nchini Marekani kuweka juu ya matokeo majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, kisha ikayapeleka katika nchi nyingine nyingi. Msomaji anapata jibu palepale na anaondoka bila kufungua tovuti yoyote. Anayeishi kwa matangazo huumia, kwa kuwa tangazo lake halikuonwa.

Tusisahau pia mkono wa serikali. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni zilizowataka wenye blogu na majukwaa ya mtandaoni kulipia leseni, ada zikizidi shilingi milioni 2. Juni mwaka huohuo, JamiiForums, jukwaa kubwa la Kiswahili, lilisimamisha huduma zake kwa muda. Kanuni hizo zilirekebishwa miaka iliyofuata, lakini somo limebaki: tovuti yenye mapato madogo inaweza kuzimwa na ada moja tu.

Hapa kwetu ongeza suala la fedha za kigeni. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa tofauti ya bei ya dola benki na bei yake mtaani. Kabla ya kuhesabu faida, uliza dola hiyo itakufikia kwa njia gani na utabadilishiwa kwa bei ipi.

Je, nafasi ya kwanza inauzwa?

Njia ya pili, ya kuleta wateja, ndiyo yenye matumaini kwetu. Hapo ndipo suala la kuonekana kwenye Google linapokuwa na maana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti hata chema lazima kitembezwe, maana mteja hawezi kununua asichokiona.

Ni vema kufahamu mtambo wa kutafuta unavyofanya kazi. Kwanza hupita kwenye kurasa na kuzisoma. Pili, huziweka katika orodha yake kubwa, mithili ya mkutubi anayeandika kadi za vitabu. Tatu, mtu anapouliza, huchagua kurasa zinazoelekea kumjibu vizuri na kuzipanga. Huangalia maneno yaliyomo, tovuti nyingine zinazoielekeza, mahali alipo anayeuliza, na kama ukurasa unafunguka vizuri kwenye simu.

Msaidizi wa kweli anaweza kurekebisha mengi kati ya hayo. Asichoweza ni kuuza nafasi. Google yenyewe inaeleza kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei malipo ili kuipandisha tovuti katika matokeo ya kawaida. Nafasi za kulipia zipo, lakini huandikwa wazi kuwa ni tangazo, na ukiacha kulipa zinaondoka.

Kuhusu muda, Google hiyohiyo inasema kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kuona manufaa ya kazi hii. Anayekuahidi wiki moja anakudanganya, au ana hila.

Na hila zina gharama. Mwaka 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa kwa muda katika matokeo ya Google, kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kuuhadaa mtambo. Mwaka 2011 gazeti la New York Times liliripoti jinsi maduka ya JCPenney ya Marekani yalivyopandishwa na viungo vilivyolipiwa katika tovuti nyingi zisizohusiana na bidhaa zake. Google iliyashusha. Ikiwa makampuni makubwa kiasi hicho yaliadhibiwa, duka la Muyinga litajitetea kwa nani?

Gitega na Muyinga si soko moja

Kosa linalofanywa na wasaidizi wengi ni kumpa kila mteja dawa moja. Tuchukue mfano wa miji yetu miwili.

Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019. Wanaoutafuta kwenye simu ni watu wenye shughuli serikalini, wafanyakazi wa mashirika, na wageni wanaotaka kuona Makumbusho ya Taifa au ngoma za Gishora. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Watu hao huuliza kwa Kifaransa au Kiingereza. Mwenye nyumba ya wageni Gitega anahitaji kurasa za lugha hizo, picha za kweli za vyumba, bei, na kujiandikisha kwenye ramani ya Google, ambako hakuna malipo.

Muyinga ni habari nyingine. Mteja wa huko yuko ng'ambo ya Kobero: Kabanga, Ngara, Kahama, pengine Mwanza. Huyo haulizi kwa Kifaransa wala Kirundi. Anauliza kwa Kiswahili.

Chukua tunda moja tu. Muuzaji aliyesoma Burundi ataandika kwenye tovuti yake neno la Kifaransa, avocat. Neno hilo pia lina maana ya wakili, kwa hiyo anayelitafuta anaweza kuletewa orodha ya mawakili. Mnunuzi wa Kahama ameandika parachichi. Wawili hao hawatakutana kamwe, ingawa kati yao kuna barabara ya lami na mpaka ulio wazi. Hata ndani ya Kiswahili kuna tofauti: Mtanzania huandika maharage, Mkenya huandika maharagwe.

Hapa ndipo aliyerejea ana mtaji ambao hakuuwekea hesabu. Anajua maneno ya mnunuzi kwa sababu alikua akiyasikia sokoni. Kiswahili ambacho baadhi yetu tulichekwa nacho tuliporudi, ndicho kinachoweza kumfikisha mteja mlangoni.

Majina ya mahali nayo yana uzito. Tangu mgawanyo mpya wa mikoa ulipoanza kutumika mwaka 2025, Muyinga imo katika mkoa wa Buhumuza. Mnunuzi wa Ngara bado ataandika Muyinga au Kobero. Ukurasa mzuri utakuwa na majina yote.

Jambo jingine ni kujibu maswali ambayo watu wanayo kweli. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zinazotoka katika nchi wanachama, hutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa. Mfanyabiashara atakayeeleza hayo kwa Kiswahili chepesi, kisha akaweka namba yake ya simu chini, atapata wasomaji wenye mzigo mkononi. Msomaji wa namna hiyo ana thamani kuliko mia moja waliopita njia. Na hata akili mnemba ikimjibu swali lake, bado atahitaji mtu wa kumuuzia mzigo.

Lipia kazi, usilipie ahadi

Mfanyabiashara mmoja wa Muyinga ninayemfahamu alimlipa kijana fedha nyingi ili tovuti yake iwe ya kwanza. Baada ya siku chache alionyeshwa kwenye simu: kweli, ilikuwa ya kwanza. Lakini neno lililotafutwa lilikuwa jina la duka lake mwenyewe, ambalo hakuna mgeni analolijua. Walipogombana, ikabainika kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwa kijana yule. Mwaka ulipokwisha halikulipiwa, na wateja walioandikiwa anwani ile kwenye risiti wakakuta ukurasa mtupu.

Kisa hicho kinatufundisha mambo matano ya kushikilia.

Kwanza, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, na maneno ya siri uwe nayo wewe. Msaidizi apewe ruhusa ya kuingia, asipewe umiliki.

Pili, mwambie aandike kazi atakazofanya: kurasa ngapi, kwa lugha zipi, kwa maneno gani ya wanunuzi, na jinsi atakavyopunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke kwenye simu ndogo yenye mtandao hafifu. Kila kazi ikionekana, ilipwe. Akikataa kueleza akidai ni siri ya fundi, tafuta fundi mwingine.

Tatu, mwambie aiunganishe tovuti na Search Console, huduma ya bure ya Google inayoonyesha ni maneno gani watu waliyaandika hadi wakaiona tovuti yako. Akaunti iwe yako. Ukiona maneno hayo hayahusiani na unachouza, ujue kazi imekwenda kombo.

Nne, usipime kwa simu yako wala ya msaidizi. Matokeo hubadilika kulingana na mahali ulipo na yale uliyotafuta awali. Mpigie ndugu aliye Kahama, umwombe atafute bidhaa, si jina lako, kisha akusomee anachokiona.

Tano, kila mteja mpya aulizwe: umetupataje? Jibu liandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya miezi sita daftari litakuambia kama fedha uliyomlipa msaidizi imerudi. Kama wateja wote wamekuja kwa WhatsApp na kwa kuambiana sokoni, ongeza nguvu huko, na tovuti ibaki ndogo.

Simaanishi kwamba wasaidizi wote ni matapeli. Wapo vijana Gitega na Bujumbura wanaoijua kazi hii na wanaostahili ujira wao, na mfanyabiashara asiye na muda wa kuandika kurasa atafaidika kuwaajiri. Lakini mwajiri asiyejua anachonunua humfanya hata fundi mwaminifu auze ahadi, kwa kuwa anaona mwenzake anayeahidi ndiye anayepata wateja.

Shule zetu zina sehemu yake katika jambo hili. Tunawafundisha watoto lugha nne, yaani Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, kana kwamba ni za mtihani tu. Zoezi la kuandika tangazo la gunia la mchele kwa lugha zote nne, kwa maneno ambayo mnunuzi wa kila upande angeyatumia, lingemfaa mtoto wa Muyinga kuliko insha nyingi tunazomwandikisha.

Ndugu msomaji, ukijiwa kesho na mtu anayekuahidi ukurasa wa kwanza, mwulize swali moja: wa kwanza kwa neno gani, na nani analitafuta? Akijibu kwa ufasaha, zungumzeni bei. Asipojibu, rudi kwenye magunia yako.