Bunduki ya Marehemu na Mpaka wa Mbuga



Jumamosi moja jioni, nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, alibisha hodi mzazi mmoja atokaye upande wa Kyondo. Alipokwisha kuketi na kupewa chai, alifungua mfuko wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nayo imeliwa na mende pembeni. Ilikuwa ruhusa ya kuwa na bunduki ya kuwindia, kalibri 12, kwa jina la baba yake aliyefariki zamani.

«Mwalimu,» aliniambia, «bunduki ninayo, na karatasi ninayo. Nikishuka Kyavinyonge kununua samaki, njia yapita katika parke, nayo haina usalama. Mwanangu wa kwanza naye ataka kuichukua usiku alinde shamba letu la mihogo kule chini, kwa sababu ya nguruwe-mwitu na ya watu wabaya. Je, tukikutwa nayo, tuna kosa gani?»

Sikumjibu upesi. Nilimwomba arudi juma lililofuata, nami nikaenda kuzitafuta sheria zenyewe kwa mtu anayezihifadhi. Na kwa kuwa swali hili si lake peke yake, maana hapa Butembo na kule Beni nimelisikia vinywani mwa watu wengi, nimeona vema kuliandika jibu katika ukurasa huu.

Kwanza tuitazame karatasi. Sheria ya silaha katika nchi yetu ni amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Hiyo hutenga silaha za vita, ambazo ni za jeshi, polisi na watumishi wa serikali waliokabidhiwa, na bunduki nyingine kama zile za kuwindia, ambazo raia aweza kuwa nazo akipata ruhusa. Ruhusa hiyo hupewa mtu, haipewi bunduki. Jembe la marehemu hurithiwa, migomba hurithiwa, hata madeni yake hurithiwa. Lakini ruhusa ya bunduki haishuki kutoka kwa baba hadi kwa mtoto. Basi rafiki yangu, kabla hajaukaribia mpaka wa mbuga, akiwa bado kitandani pake na bunduki darini, alikuwa tayari na jambo la kutengeneza katika ofisi ya teritware.

Tuseme sasa kwamba karatasi ingekuwa kwa jina lake mwenyewe, tena mpya. Je, ingemfungulia mlango wa mbuga? Hapana. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 yataja ruhusa za namna nyingi, hata ile ya mwindaji wa kijijini. Lakini ruhusa hizo zote hukoma mpakani mwa mbuga ya taifa. Na kuhusu mbuga zenyewe, amri-sheria ya tarehe 22 Agosti 1969 iliweka pamoja, katika katazo moja, mbwa, mitego na bunduki: visiingizwe. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilishika nafasi ya ile ya 1969, wala haikulegeza kamba. Yakataza katika maeneo yanayolindwa kila kazi isiyopatana na ulinzi wa viumbe.

Mtu atauliza: mbwa ana kosa gani, na bunduki isiyofyatuliwa ina kosa gani? Nami nilijiuliza hivyo. Lakini fikirini pori lilivyo. Mbuga ya Virunga ina kilometa za mraba 7,800 hivi, nayo yaanzia karibu na Goma hata kufika kaskazini ya Rwenzori. Mlinzi hawezi kuwapo kila mahali mnyama anapoanguka. Akimkuta mtu na nyama mabegani, mtu atasema ameiokota. Akisikia mlio wa bunduki, mpigaji amekwisha kutoweka. Kama sheria ingengoja mnyama afe, ingemkamata mwindaji mmoja na kuwapoteza mia. Kwa hiyo hushika chombo kabla ya tendo. Mwenye bunduki porini hahitaji kuulizwa alitaka kumpiga nani.

Kijana mmoja aliyesoma shuleni kwetu, mwenye ndugu huko Marekani, alinipinga. Alisema huko watu huingia na bunduki katika mbuga za taifa na hakuna awakamataye. Ni kweli kwa sehemu. Tangu tarehe 22 Februari 2010, sheria ya Marekani humruhusu mtu kuwa na bunduki katika mbuga ya taifa, ikiwa sheria ya jimbo lile yamruhusu kuwa nayo. Kabla ya hapo ilitakiwa isiwe na risasi, tena ifungwe mahali pasipofikika upesi. Lakini kijana hakusema yaliyobaki: kuifyatua katika mbuga kumebaki kosa, isipokuwa katika sehemu chache zinazoruhusu uwindaji, na kuiingiza katika majengo ya serikali yaliyomo humo ni kosa pia. Zaidi ya hayo, huko mlinzi akutanapo na mtu mwenye bastola kiunoni, hudhani ni mgeni aliyekuja kutembea. Huku kwetu mlinzi akutanapo na mtu mwenye bunduki hudhani nini? Hapo ndipo penye shauri lote.

Maana mbuga yetu imekuwa na bunduki nyingi mno. Iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ikapewa jina la Virunga mwaka 1969. Mwaka 1994 wakimbizi wengi walipoingia kutoka Rwanda, UNESCO iliiandika miongoni mwa urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 1996 vita vikaanza, na tangu hapo makundi yenye silaha yamefanya makao humo, yakila humo na kuuza vya humo.

Akina mama wanaonunua samaki sokoni Butembo waliuona mwisho wa mambo hayo bila kuambiwa na mtu. Katika miaka ya 1970 viboko wa mbuga hii walihesabiwa zaidi ya 25,000. Ilipofika mwaka 2005 hawakufika 1,000. Waliuawa kwa bunduki za vita, na mwaka 2006 wakauawa tena mamia, nyama ikauzwa, meno yakauzwa. Sasa, kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana hushinda majini, na samadi yake huanguka ziwani. Samadi hiyo hulisha mimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo hulisha tilapia. Kiboko akipungua, chakula cha samaki chapungua naye. Tukiongeza nyavu zenye matundu madogo na mitumbwi isiyo na kibali, si ajabu wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge kurudi na kapu jepesi. Rafiki yangu wa Kyondo alitaka kubeba bunduki kwa ajili ya kwenda kununua samaki. Nami nilimwonyesha kwamba bunduki zilizomtangulia njiani ndizo zilizompunguzia samaki wenyewe. Alicheka, lakini si kwa furaha.

Je, walinzi nao? Hao hubeba bunduki kwa sheria, na wengine huwachukia kwa ajili hiyo. Ni watumishi wa ICCN, na amri ya serikali ya tarehe 15 Mei 2015 iliunda kikosi cha kulinda mbuga za taifa. Katika Virunga peke yake, walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 pamoja na raia watano, mmoja wao dereva. Tarehe 10 Januari 2021 waliuawa wengine sita. Wengi wao walikuwa vijana wenye wake na watoto wadogo. Sisemi kwamba kila mlinzi ni mwema. Nimesikia malalamiko juu ya vipigo na juu ya faini zisizo na risiti, na malalamiko hayo yastahili hakimu. Lakini mtu aliyewazika wenzake kwa namna hii, akiona mdomo wa bunduki ukitokeza majanini, hataomba kwanza kuona karatasi iliyoliwa na mende.

Hapo rafiki yangu alikasirika kidogo, nami sikumlaumu. «Mwalimu,» alisema, «wewe wanifundisha sheria, na watu wanachinjwa.» Naam. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamezika maiti wasiohesabika kwa urahisi, waliouawa kwa panga na kwa risasi mashambani mwao, na ADF wamejificha hata ndani ya mbuga, katika bonde la Mwalika. Atakayesema kwamba hofu ya mkulima ni ya bure, huyo hajalala usiku hata mmoja upande ule. Serikali ina deni la usalama kwa watu wake, na deni hilo halijalipwa.

Lakini tupime kalibri 12 ya marehemu katika jambo hilo. Risasi mbili, kisha kupakia tena gizani, mbele ya watu wenye bunduki za vita. Haimwokoi mwenye kuibeba, yamtambulisha tu. Tangu tarehe 30 Novemba 2021 jeshi la Kongo na jeshi la Uganda wamekuwa wakiwasaka ADF pamoja. Askari mgeni asiyejua Kinande, akimwona kijana asiye na sare mwenye bunduki karibu na mpaka wa mbuga alfajiri, atajuaje kwamba ni mlinzi wa mihogo? Na akipona risasi, atafikishwa mahakamani. Tarehe 6 Mei 2021 ulipoanza utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Hata kabla ya hapo, sheria ya tarehe 18 Novemba 2002 iliwapa mahakama hizo raia atendaye kosa kwa silaha ya vita. Hili vijana walisikie vizuri, maana siku hizi si gobore la babu wanalopewa na marafiki, bali ni Kalashnikov, na kwa hiyo hakuna ruhusa ya raia yoyote duniani hapa kwetu.

Najua pia kidonda cha zamani. Mbuga ilipopanuliwa mwaka 1929, 1934 na 1935, mipaka ilikatwa na watu wasioulizwa, na katika bonde la Semliki malale yaliwatoa watu ambao wajukuu wao hata leo huonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na mji wa babu. Wako wasemao: mtu aingiapo na bunduki katika ardhi ya babu zake haingii kwa mgeni. Mimi naona madai hayo yana haki ya kusikilizwa, na machifu na mawakili waliyoyapeleka mezani wamefanya vema. Ila siku mmoja wao akikamatwa na silaha ndani ya mpaka, shauri la ardhi hugeuka shauri la jinai, na upande wa pili hauna haja tena ya kujibu neno juu ya ardhi.

Juma lile lililofuata tulizungumza hata giza likaingia. Nilimwambia afanye mambo mawili: aende na karatasi ile, bila bunduki, kwa msimamizi wa teritware, aseme wazi kwamba mwenye jina amekufa na silaha ipo nyumbani, aulize njia ya kuiandikisha kwa jina lake au ya kuikabidhi, naye asitoke pale bila hati yenye muhuri, na juu ya nguruwe-mwitu, aende pamoja na majirani kwa chifu, wapeleke taarifa kwenye kituo cha walinzi kilicho karibu. Alisema kwamba kuungama silaha mbele ya mkubwa ni jambo la kuogofya. Nilikubali, nikamwahidi kufuatana naye.

Tulikwenda siku ya Jumatatu. Karani aliisoma karatasi mbele na nyuma, akamwuliza marehemu alifariki mwaka gani, akaandika katika daftari kubwa. Tuliambiwa turudi baada ya siku kumi na tano, pamoja na cheti cha kifo. Mwanawe mkubwa alikuwa akitungojea nje, naye aliuliza neno moja tu: kwa muda wa siku hizo kumi na tano, nani atalala shambani?