Kipimo cha Sumu Kimfikie Mwananchi

Mwezi Januari 2025 Wilaya ya Biharamulo ilipatwa na msiba. Watu waliugua ghafla na kufariki, na uvumi ukatangulia mbele ya ukweli. Sampuli za mwanzo hazikuonyesha ugonjwa, lakini upimaji haukukomea hapo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia Taifa kwamba virusi vya Marburg vimethibitika, baada ya kipimo kufanywa katika maabara ya Kabaile, hapa hapa Kagera, na kuhakikishwa Dar es Salaam. Tarehe 13 Machi ugonjwa ulitangazwa kwisha. Watu 10 walikuwa wamepoteza maisha. Bila kipimo cha karibu, huenda idadi hiyo ingekuwa kubwa zaidi.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu maalumu. Virusi huua kwa siku chache, na kwa hiyo huwashtua wote, raia na viongozi. Sumu za madini huingia mwilini polepole, wala haziwashtui watu. Je, mwananchi wa Biharamulo, Ngara au visiwani akiwa na sumu hiyo mwilini, nani atampima?

Biharamulo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na wachimbaji wadogo wako huko tangu zamani. Mchimbaji mdogo hukamata dhahabu kwa zebaki, huiminya kwa mkono mtupu, kisha huichoma ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Mvuke ule ukivutwa siku baada ya siku, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua na figo huharibika. Mama na watoto walio jirani na moto huo huuvuta pia, ingawa hawakuchimba chochote. Dalili hizo zikifika zahanati, ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au ulevi, au mtu kusema amerogwa.

Ndugu zetu wa Goziba, Kerebe, Bumbire na Ikuza wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. Zebaki ikichukuliwa na maji hadi ziwani, vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki wadogo na kujikusanya katika samaki wakubwa wanaowala. Kwa kula samaki wenye sumu ya namna hiyo ndivyo walivyoangamia wavuvi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Hatusemi haya ili kuwatisha walaji wala kuharibu soko la sangara. Tafiti zilizofanywa katika Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 zilikuta samaki wengi wakiwa chini ya kiwango cha hatari. Lakini habari njema ya jana haiwezi kuwa dhamana ya kesho. Dhamana hutolewa na upimaji usiokatizwa.

Kupima nako kuna elimu yake. Aliyevuta mvuke wa zebaki hupimwa mkojo. Aliyeipata kwa kula samaki hupimwa nywele au damu. Madini ya risasi hutafutwa katika damu. Thaliamu, sumu iliyokuwa ikitumika kuulia panya, ambayo hunyonyoa nywele na kuunguza nyayo kwa maumivu, hutafutwa katika mkojo uliokusanywa kwa saa 24. Dawa ya sumu moja huenda isifae kwa nyingine. Daktari akiagiza kipimo kisichostahili, mgonjwa atarudishwa nyumbani na cheti cha uzima, na sumu yake mwilini.

Tena maabara mbovu huweza kuzua msiba usiokuwapo. Mwaka 1987 nchini Guyana wananchi wengi waliambiwa kwamba wana thaliamu mwilini, na hofu ikatanda. Wataalamu kutoka Marekani waliporudia vipimo, ilidhihirika kwamba majibu mengi yalikuwa ya uongo. Kwa hiyo hatudai mashine tu. Tunadai vyombo safi, wataalamu waliofundishwa, na majibu yanayohakikishwa na maabara ya pili, kama ilivyofanyika kwa Marburg.

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Ni wajibu wa wakuu wa wilaya na waganga wakuu kuweka njia ya uhakika ya kufikisha sampuli huko na kurudisha majibu kwa mhusika mwenyewe, kwa lugha anayoielewa. Majibu yakiishia kwenye jalada la ofisi hayamfai aliyetoa damu yake. Samaki wa mialo ya visiwani nao wapimwe kwa ratiba, na matokeo yabandikwe mwaloni.

Kwa Ngara tunasema zaidi. Makubaliano ya Januari 2021 yalifungua njia ya mgodi wa nikeli wa Kabanga. Mto Ruvubu na Mto Kagera hupita katika wilaya hiyo, na Mto Kagera humwaga maji yake Ziwa Victoria. Rekodi ya maji yalivyokuwa kabla ya mgodi ndiyo shahidi wa haki kwa mwananchi na kwa mwenye mgodi pia. Pasipokuwa na rekodi hiyo, kila upande utabaki na maneno yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Sahihi ya Taifa ni ahadi, na ahadi hii itatimizwa pale mchimbaji wa Biharamulo, mkulima wa Ngara na mvuvi wa Goziba watakapoweza kuuliza, "Je, nina sumu mwilini?" na kupewa jibu la kweli kabla hawajachelewa.