Nauli Moja Kutoka Buhongwa Hadi Kisesa



Wakazi wa Mwanza, nendeni Igoma jioni mkajionee. Gari limeandikwa Kisesa, lakini konda anatangaza kwamba mwisho ni hapo hapo. Mama mwenye ndoo ya dagaa anashuka, anatafuta gari jingine, analipa nauli ya pili. Mwanafunzi mwenye sare anazuiwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo. Tumezoea kumlaumu konda. Konda naye anadaiwa hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye gari, na isipotimia, kesho gari anapewa mwingine. Ruti zinakatishwa kwa ajili ya hesabu hiyo, na faini za trafiki hazijalimaliza tatizo.

Kwa hiyo tudai mpango mwingine. Wenye daladala waungane katika ushirika, dereva na konda walipwe mshahara, na tiketi moja imtoe abiria Buhongwa, abadilishe gari mjini, afike Kisesa au Uwanja wa Ndege bila kulipa tena. Magari yaondoke kwa saa, viti vijae visijae. Bodaboda wabaki na kazi ya kuwapandisha watu milimani, ambako basi haliwezi kufika.

Mwanza hili linawezekana. Ziwa na milima ya mawe vimeubana mji, hivyo safari nyingi hupita barabara tatu tu, Kenyatta, Nyerere na Makongoro, nazo zote hukutana mjini. Wala tusisubiri barabara za zege kama za mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza 2016; huko abiria wamesongamana vituoni miaka mingi kwa uhaba wa mabasi, njia zikiwapo. Ratiba na tiketi ndiyo mambo ya kuanza nayo.

Kikwazo ninachokiogopa zaidi ni mipaka. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, inapanga nauli na kutoa leseni, lakini tangu 2012 mji huu una halmashauri mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, na Kisesa yenyewe iko Wilaya ya Magu. Abiria mmoja, halmashauri tatu!

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Basi katika mkutano ujao wa mtaa wako, nenda na jirani zako, waalikeni madereva na wenye magari. Ombeni ajenda ya usafiri iandikwe kwenye muhtasari, kisha mwulizeni diwani, mbele ya watu, ni lini halmashauri hizi tatu zitakaa kikao kimoja.