Tezo ya Kuazima

Fundi wa majahazi wa hapa Chole ana shoka lake, tezo yake na keekee yake. Sijamwona anayevuka kwa mashua hadi Utende, akapanda gari mpaka Kilindoni, akaazima tezo ya kuchongea ubao mmoja, akairudisha, na kesho akaanza safari upya. Tungemcheka. Lakini ndivyo zinavyofanya kazi tovuti nyingi tunazotengenezewa, na mtengenezaji tunamwita mtaalamu.

Nazungumzia fonti, yaani sura za herufi. Ukurasa unafunguliwa kwenye simu. Maneno yamekwisha kufika, lakini sura ya herufi haimo. Sharti simu ikaiombe kwa Google, ambao wanazigawa bure tangu 2010. Mtandao ukiwa dhaifu, na visiwani huku tunaujua udhaifu wake, kivinjari huweza kuyaficha maneno kwa sekunde 3 hivi kikisubiri. Msomaji anakodolea macho karatasi tupu. Maneno yapo, ila yamefichwa!

Ya nini yote haya? Nyingi ya fonti hizo zina leseni huria ya SIL, inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzirekebisha na kuziweka kwenye seva yake mwenyewe. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti peke yake. Kiswahili nacho hakina makuu: hatuna herufi za vitone wala kofia, hata Q na X maneno yetu hayazihitaji. Faili ya WOFF2 iliyobakizwa herufi za Kilatini tu huwa nyepesi kuliko picha moja ya popo wetu.

Nitajibiwa ati fonti ya Google huwa imekwisha kuhifadhiwa katika simu kutoka tovuti nyingine. Hoja hiyo ilikufa mwaka 2020, kivinjari cha Chrome kilipoanza kutenga akiba ya kila tovuti. Wanaoirudia leo hawajasoma.

Tena kuna faragha ya msomaji. Kila ombi la fonti hupeleka anwani ya IP ya simu yake kwa mtu wa tatu ambaye yeye hakumwendea. Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilimwamuru mwenye tovuti mmoja alipe fidia ya Euro 100 kwa jambo hilo hilo. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sisemi watu washtakiwe. Nasema kunakili faili mbili na kuandika mistari michache ya CSS ni kazi ya nusu saa, na fundi anayelipwa hana udhuru wa kuiacha. Mwenye tovuti amwulize kabla hajatoa fedha.