Jiwe mkononi mwa mtoto na mbwa wa Manyatta

Kenya ilipotoa mpango wake wa kutokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014, ikajipa hadi 2030, Kisumu iliwekwa katika kaunti tano za mwanzo pamoja na Siaya, Makueni, Machakos na Kitui. Hesabu yenyewe si ngumu: chanja mbwa 7 kati ya kila 10, kila mwaka, kwa miaka kadhaa mfululizo, na ugonjwa utakosa pa kukaa.

Kwa mtaa kama Manyatta, kazi kubwa ni kumshika huyo mbwa. Nyumba zimebanana. Mbwa wengi wana wenyewe, ila hushinda nje wakila jaani, na mkono wa binadamu wanaoujua ni ule unaookota jiwe. Mbwa aliyekulia hivyo haburutiki hadi kituo cha chanjo. Atakimbia, au atauma. Na wanaotumwa kumpeleka mara nyingi ni watoto, wazazi wakiwa kwenye vibarua. Watoto hao hao ndio wanaoumia: Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa wana umri chini ya miaka 15.

Kwa hiyo kumfunza mtoto huruma kwa mbwa si mambo ya wazungu, kama wasemavyo wazee wetu barazani. Ni kinga. Kuna wanaosema heri watiwe sumu wote. Ukifanya hivyo unaua na waliochanjwa, kisha nafasi yao hujazwa na wengine wasio na kinga, mkaanza upya.

Sisi Waislamu, wa Pwani na wa huko Kisumu, tuna letu la kujibu. Chuoni tulifunzwa mapema kuwa mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sawa, hiyo ni tohara. Lakini habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mola akamsamehe, twaisimulia Ramadhani kama kisa kitamu tu, basi. Mtoto hutoka na nusu ya somo, na jiwe. Sidai mbwa aingizwe ndani. Nataka ustadhi asinyamaze wanafunzi wake wanapompiga mbwa mawe mbele ya msikiti.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo, Sura ya 360, lakini hakuna askari atakayeingia Manyatta kwa sababu ya jiwe. Walimu ndio wako karibu. Wamwambie mtoto asimsumbue mbwa anayekula au anayenyonyesha, asikimbie akifuatwa, na akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa huchomwa sindano moja kwa mwaka. Mtu aliyeumwa huhitaji kadhaa, kwa tarehe zake, na nauli ya kila safari.

Maafisa wa mifugo wa kaunti nao watangaze siku ya chanjo shuleni na madrasa wiki nzima kabla, ili mtoto apate muda wa kumzoesha mbwa wake kamba.