Presha ya Kijana Ipimwe Akiwa Amesimama Pia

Kijana wa miaka 28 anayetoka kwenye duara la dhahabu kule Rwamgasa, akakutwa na presha ya 142 kwa 92, mara nyingi haambiwi mengi: apumzike, apunguze chumvi, arudi siku nyingine. Umri wake humtetea. Naye harudi, kesho yake yuko Nyarugusu au Kahama, kunakosemekana dhahabu imetoka.

Kwa kuwa mhudumu huenda akampata mara moja tu, mara hiyo moja haifai kuishia kwenye kipimo cha kuketi. Kupima mgonjwa akiwa amesimama kumezoeleka kwa wazee na wenye kisukari, ambako hutafutwa presha inayoshuka. Kwa kijana, inayostahili kutafutwa ni ile inayopanda.

Utafiti wa HARVEST wa nchini Italia, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia kwa takribani miaka 17 watu 1,207 wa miaka 18 hadi 45, wenye presha iliyopanda kiasi na wasiotumia dawa. Mtu anaposimama, damu huvutwa kuelekea miguuni, na kwa walio wengi namba ya juu hushuka kidogo. Kwa mmoja kati ya kumi, namba hiyo ilipanda kwa zaidi ya milimita 6.5 za zebaki (zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo huikamatishia dhahabu). Kundi hilo lilikabiliwa na hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na maradhi mengine makubwa ya moyo karibu mara mbili ya wenzao, ingawa kolesteroli yao haikuwa mbaya zaidi.

Waitaliano hao hawakushinda shimoni. Jasho na upungufu wa maji huweza kushusha presha ya aliyesimama na kuficha hatari; kwa hiyo mchimbaji anywe maji na apumzike kwanza. Wala kupanda huko pekee si sababu ya kuanzishiwa dawa. Ni sababu ya kutomwachia aondoke kwa neno "bado kijana."

Foleni ya zahanati ni ndefu, ni kweli. Hata hivyo mashine ipo na mkanda tayari uko mkononi mwa mgonjwa. Alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe tena, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari lake, ili muuguzi wa Kahama azikute.