Mtaro ni wa nani?



Kule Engaruka wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna mifereji ya mawe iliyokauka na kumezwa na vichaka vya miiba. Watu walioishi pale kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18 waliyashusha maji ya mito ya nyanda za juu, wakamwagilia mashamba ya mtama kwenye eneo la hekta zipatazo 2,000. Kisha wakaondoka. Wataalamu wanabishana bado juu ya sababu: maji kupungua, udongo kuchoka, wafugaji kuingia. Wageni huvutiwa na jinsi pori lilivyorudi. Mimi huwaza siku ya kwanza ambapo hakuna aliyekwenda kuzibua.

Aristotle aliona kwamba kitu cha wengi hutunzwa kidogo kuliko vyote. Wachagga wamemjibu kwa mifongo yao, mifereji ya Kilimanjaro inayohudumiwa kwa kazi ya pamoja. Kila kaya ina zamu yake ya maji, na asiyekwenda kuchimba anajua zamu hiyo iko mashakani.

Mitaro yetu ya Mwanza haina zamu, na hapo ndipo penye tatizo. Mvivu wa mfongo hukausha shamba lake mwenyewe. Mvivu wa mtaro, akiwa juu mlimani kwenye mawe, haoni hasara yoyote: mchanga na mifuko yake huteremka kwa mwenzake wa bondeni. Mtaro unajaa, majani yanaota juu ya taka, mvua ikija nyumba ya chini inafurika. Kinachopita huingia Mto Mirongo, kisha ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalovuta maji ya kunywa pale Capri Point. Hata siku ya usafi kila mmoja hufagia mlangoni kwake, na wengine (tunawaona) husukumia uchafu mtaroni.

Napendekeza jumuiya ndogondogo za mlimani zishuke Jumamosi moja kabla ya vuli, zisali na zile za bondeni, kisha wote washike majembe. Itasemwa kuwa hiyo ni kazi ya halmashauri. Kujenga mitaro na kuzoa taka, ndiyo, na tuendelee kudai. Lakini diwani hawezi kujua ni nani usiku anamwaga kifusi mtaroni. Jumuiya inamjua, na inajua pia mlango wa kubisha.